Gia 21 si nguvu 21

Hapa Dodoma tumezoea kuambiana kwamba baiskeli yenye gia nyingi ndiyo inayopanda mlima. Si kweli, na imani hii inawamaliza watu hela.

Hesabu meno. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina sproketi (duara za meno zinazobeba cheni) tatu mbele, tuseme za meno 42, 34 na 24, na saba nyuma, kuanzia 14 hadi 28; tatu mara saba ndiyo hizo gia 21. Ukiweka 42 mbele na 28 nyuma, kila pedeli ikizunguka mara moja gurudumu huzunguka mara moja na nusu. Weka 24 na 16: mara moja na nusu ileile! Yaani gia mbili, uzito mmoja. Kinachoamua mlima ni gia moja tu, ile nyepesi kuliko zote. Friwili, yaani seti ya sproketi za nyuma, ambayo kubwa yake ina meno 34 badala ya 28 itaupunguzia mguu mzigo kwa karibu asilimia 18, mradi fundi ahakikishe kihamisha cheni cha nyuma kinaifikia.

Udhaifu wenyewe wa baiskeli hizi uko kwenye ekseli ya nyuma. Friwili inayofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu huziacha gololi za kulia mbali na fremu, hivyo ekseli hubaki bila egemeo na hupinda ukiruka mawe. Toa gurudumu, zungusha ekseli kwa vidole. Ncha ikichora duara, imeshapinda.

Shokapu ya bei kubwa kwenye baiskeli hiyo singeinunua. Kwa miiba ya migunga yetu, ningeanza na tairi nene, kisha mipira mipya ya breki.