Sheria baada ya kidato cha sita, au baada ya shahada nyingine?

Dirisha la udahili likifunguliwa tu, maswali ya aina mbili huanza kuingia kwenye simu yangu. La kwanza ni la mzazi: kijana kamaliza kidato cha sita na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kapata principal pass mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili, za kueleweka, je, aende sheria sasa hivi au asome kwanza kitu kingine "akomae"? La pili ni la mtu mzima mwenye kazi yake, mhasibu au muuguzi au afisa ardhi, anayetaka kuwa wakili. Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Dar es Salaam, na wahitimu wengi wa sheria wamepita ofisini kwangu kwa mafunzo ya vitendo. Hawa wawili siwapi jibu moja.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Vijana wengi wanaoniuliza wamelishwa maelezo ya Marekani. Kule, ili uingie shule ya sheria kwa njia ya kawaida, uwe na shahada ya kwanza ya jambo lolote, historia au fizikia, kisha usome JD, shahada yao ya sheria, ya miaka 3. Sisi tulirithi mfumo wa Uingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kikiwa bado tawi la Chuo Kikuu cha London ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria, na wanafunzi walisomea LLB, yaani shahada ya sheria, ikiwa ndiyo shahada yao ya kwanza. Mpaka leo ni hivyo hivyo, hapa na Kenya na Uganda.

Matokeo yake ni haya: kwetu shahada uliyonayo haikupunguzii safari. Mwenye shahada ya biashara anaomba kupitia sifa linganishi, na akipokelewa, kwa kawaida anaketi mwaka wa kwanza na watoto wa miaka 19 akifundishwa misingi ya sheria za mikataba kama wao. Vyuo vingi LLB ni miaka 4. Juu yake kuna mwaka wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo kila mtu anaiita Law School, halafu maombi kwa Jaji Mkuu, usaili wa Baraza la Elimu ya Sheria, na kuapishwa.

Kwa hiyo kwa yule kijana wa HGL, kama anajua anataka uwakili au uhakimu, sioni faida ya kumzungusha. Aende sheria moja kwa moja. Hoja ya "akomae kwanza" inasikika vizuri sebuleni, lakini hesabu ya fedha inaikataa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa sehemu kubwa umekusudiwa shahada ya kwanza. Akiutumia kusomea utawala wa umma, LLB atajilipia mwenyewe, na siku akiajiriwa makato ya asilimia 15 ya mshahara yatakuwa yanarudisha deni la shahada ambayo hakuihitaji.

Ninachomwambia mzazi ni kwamba mlango wa kuingilia si ndio mwembamba. Kwenye vigezo vya chini, principal pass mbili zenye jumla ya pointi 4 zinamtosha mtu kuomba, ingawa vyuo vyenye ushindani hutaka zaidi. Kinachobana ni Law School. Oktoba 2022 nchi nzima ilizungumza matokeo ya kundi la 33: wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote kwa mkupuo 26, wa kurudia mitihani 342, walioondolewa 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza, na lawama zikagawanywa kati ya vyuo vikuu na Law School yenyewe. Mimi naongeza jambo moja ninaloliona kila siku mezani kwangu: uandishi. Kijana anajua kifungu, lakini hawezi kuandika hati ya madai yenye aya zinazofuatana, tena kwa Kiingereza. Marekebisho ya mwaka 2021 yameifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, jambo jema kabisa, ila vitabu, hukumu za zamani na sehemu kubwa ya mitihani bado ni Kiingereza. Miaka 4 ya chuo aitumie kuandika. Hilo litamfaa kuliko shahada ya ziada.

Sasa mtu mzima. Hapa ndipo ninapouliza swali linalowaudhi baadhi yao: unataka kuwa wakili, au unataka kuijua sheria ya kazi yako? Ni vitu viwili. Mhasibu anayetaka kusimama vizuri kwenye mambo ya kodi anaweza kusoma stashahada ya uzamili ya kodi pale Chuo cha Kodi akaendelea na maisha yake. Wahandisi na wakadiriaji majenzi wamekuwa wakiamua migogoro ya mikataba ya ujenzi kwenye mabaraza ya usuluhishi bila LLB. Kama haja yako ni hiyo, miaka 5 na zaidi ni gharama kubwa ya kununua heshima ya kuitwa "msomi".

Ukinijibu kwamba unataka kusimama mahakamani, basi tuhesabu umri. Matangazo ya ajira serikalini huwataka waombaji wasiozidi miaka 45, isipokuwa walioko tayari kwenye utumishi wa umma. Muuguzi wa hospitali binafsi anayeanza LLB akiwa na miaka 38, akiongeza Law School na kusubiri kuapishwa, anafika kwenye miaka 43 au 44 kama hajateleza popote. Uhakimu kwake ni wa kuuwahi mbio. Muuguzi wa hospitali ya serikali mwenye umri huohuo hana presha hiyo. Uwakili wa kujitegemea haukuulizi umri, na hapo ndipo shahada ya kwanza inapoanza kulipa. Sokoni, wakili aliyewahi kuwa afisa ardhi anajua hati ya kimila inavyopatikana na jalada linakwama wapi. Wateja watamfuata kabla hajabandika kibao. Mitihani haikupi alama kwa hilo.

Wengi wa kundi hili wanaishia Chuo Kikuu Huria, kwa sababu hawawezi kuacha mshahara. Ni chuo halali na LLB yake inakupeleka Law School kama nyingine. Tatizo ni ratiba: hakuna wa kukuamsha, na miaka inarefuka. Law School yenyewe ni darasani, ana kwa ana, na mwajiri wako lazima aambiwe mapema.

Kuna wanaotafuta njia ya mkato nje. Ipo kweli. Chuo Kikuu cha London kina LLB ya masafa ambayo mwenye shahada hufanya moduli 9 badala ya 12. Scotland kuna LLB ya miaka 2 kwa wenye shahada. England, tangu 2021, mtu mwenye shahada yoyote anaweza kuwa solicitor, aina ya wakili wa kule, kwa kufaulu mitihani ya SQE ya kuwapima mawakili hao na kuwa na miaka 2 ya kazi inayokubalika, bila kusoma LLB kabisa. Ukipanga kuishi na kufanya kazi huko, ni njia nzuri na nisingemcheka mtu anayeifuata.

Ukipanga kurudi nayo nyumbani, twende polepole. Cheti cha nje lazima kitambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na Law School wataangalia masomo uliyoyasoma, si jina la chuo tu. LLB iliyofupishwa inaweza kukosa somo ambalo hapa ni la lazima. Kenya ugumu ni mwingine: sheria ya Kenya School of Law, chuo chao cha mafunzo ya uwakili, inatazama hata alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, jumla C+ na B kwenye Kiingereza au Kiswahili, na suala la kama shahada inaweza kufunika alama za sekondari limepiganiwa mahakamani kwa miaka.

Hata kwa wanaowaza Marekani baadaye, ufupi una bei. New York humruhusu aliyesoma sheria kwenye nchi ya mfumo wa Kiingereza kufanya mtihani wao wa uwakili, mradi shahada yake ilingane na ya kwao kwa muda na kwa maudhui. LLB yetu ya miaka 4 haina shida kwenye muda. Ile ya miaka 2 haitoshi, na mwenye nayo hulazimika kuongeza LLM, shahada ya uzamili ya sheria, ya huko, yenye ada ya huko.

Kabla hujalipa ada ya chuo chochote cha nje, chukua orodha ya moduli zao na uandike barua, Law School na TCU, ukiuliza kama shahada hiyo itapokelewa. Subiri jibu la maandishi. Jibu la "nadhani haina shida" kutoka kwa wakala wa udahili pale maonyesho ya vyuo Mnazi Mmoja usilihesabu.