Cheo, cheti na kazi: kusoma mkataba wa mzimamoto

Ninapopewa mkataba wa hali bora wa kikosi cha zimamoto, sianzi na kifungu cha mshahara. Naanza na orodha ya vyeo na sifa zake, kwa kuwa malipo ya saa za ziada, kupanda cheo na hata kuachishwa kazi hutegemea orodha hiyo. Mifano yangu hapa ni ya Marekani, ambako mambo haya yameandikwa, yakabishaniwa na kufikishwa mahakamani kuliko mahali pengi.

Ugomvi mwingi huzaliwa na sentensi moja fupi: "Mwajiriwa atakuwa na vyeti vinavyohitajika." Vinahitajika na nani, jimbo au mkuu wa kikosi? Avilete siku ya kuajiriwa, au apewe muda wa majaribio kuvitafuta? Nani analipia? Cheti kikiisha muda wake, je? Mkataba usiojibu maswali hayo unamwachia mwamuzi wa migogoro ya kazi ayajibu, na mwamuzi hajawahi kushika mpira wa maji.

Ngazi zenyewe hazina utata mkubwa. Kwa miaka mingi sifa za mzimamoto zimepimwa kwa kiwango cha NFPA 1001, cha chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, chenye daraja la I na la II. Wa daraja la I hufanya kazi chini ya usimamizi wa karibu. Wa daraja la II husimamiwa kwa jumla tu, na anaweza kuratibu timu inayoingia na mpira ndani ya jengo. Madereva na waendesha pampu walikuwa na NFPA 1002, na maofisa NFPA 1021 yenye ngazi nne.

Ila NFPA si chombo cha serikali. Viwango vyake havimfungi mtu mpaka sheria, kanuni au mkataba uviingize. Ukiandika namba ya kiwango kwenye mkataba, wewe ndiye uliyekigeuza kuwa sharti. Kisha namba zenyewe hubadilika: katika toleo la 2024, kiwango cha 1001 na cha 1002 viliingizwa katika kimoja kipya, NFPA 1010. Mkataba uliotaja 1001 bila kuongeza "au kiwango kitakachochukua nafasi yake" sasa unaelekeza kwenye kitabu kisichotolewa tena. Hoja hiyo huenda ikatatuliwa kwa busara, lakini sioni sababu ya kumlipa wakili kwa maneno matano yaliyosahaulika.

Jambo jingine la kutazama ni aina ya cheti. Cheti cha kumaliza kozi si cheti cha kufuzu. Cha kwanza kinasema ulihudhuria ukamaliza. Cha pili kinasema ulipimwa na chombo chenye ithibati, kwa maandishi na kwa vitendo. Ithibati hizo hutolewa hasa na Pro Board, iliyoanza mwaka 1972, na IFSAC. Mkataba useme unakubali ipi, au zote mbili, na useme kama cheti cha jimbo pekee kinatosha. Anayehamia kutoka jimbo jingine ndiye huumia zaidi pakikosekana neno hilo.

Sasa tuje kwenye jina la cheo, ambalo waajiri huliamini kupita kiasi. Sheria ya kazi ya Marekani, FLSA, inawaruhusu waajiri wa umma kuhesabu saa za wazimamoto kwa vipindi vya siku 7 hadi 28: saa za ziada huanza baada ya saa 53 kwa siku 7, au 212 kwa siku 28, badala ya 40 kwa wiki. Tangu 1999 sheria imeeleza nani anaingia humo. Awe amefunzwa kuzima moto, awe na mamlaka ya kisheria na wajibu wa kuuzima, na awe ameajiriwa na idara ya zimamoto ya serikali ya mtaa, wilaya ya zimamoto au jimbo. Neno zito ni "wajibu". Los Angeles iliwahesabu kama wazimamoto wahudumu wa gari la wagonjwa waliokuwa wamefunzwa kuzima moto. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ikakataa, kwa sababu katika nafasi walizopangiwa hawakuwa na wajibu huo. Philadelphia ilishindwa kwa msingi kama huo mwaka 2008. Ukiwa na cheo chenye kazi mbili, eleza katika maelezo ya kazi kwamba wajibu wa kuzima moto upo, kisha hakikisha watu kweli wanapangiwa kuutimiza. Karatasi pekee haitakuokoa.

Kuhusu muda wa mafunzo, kanuni ya jumla ni kwamba mafunzo anayolazimisha mwajiri ni saa za kazi. Kuna tundu ambalo wengi hawalijui: kanuni za shirikisho zinaruhusu mwajiri wa umma asilipe mafunzo ya ziada yanayofanyika nje ya zamu, iwapo yanadaiwa na sheria ya ngazi ya juu, kwa mfano ya jimbo, ili mtu apate au atunze cheti. Chama cha wafanyakazi kikikaa kimya hapo, mzimamoto anaweza kusoma kwa muda wake mwenyewe. Kikitaka alipwe, kiandike.

Sehemu ninayoitilia mkazo zaidi ni leseni iliyopotea. Paramediki, yaani mhudumu wa dharura wa ngazi ya juu, mwenye usajili wa kitaifa huuhuisha kila miaka 2 kwa saa 60 za masomo. Akichelewa kwa uzembe, hilo ni suala la nidhamu. Akishindwa kwa kuwa aliumia kazini, si nidhamu. Na kuna hali ya tatu, ngumu kuliko zote: daktari msimamizi wa huduma za dharura anamwondolea ruhusa ya kutibu ingawa leseni bado ni hai. Daktari huyo mara nyingi si upande wa mkataba, na mwamuzi huenda asiwe na uwezo wa kutengua uamuzi wake wa kitaalamu. Mkataba mmoja ukizifunga hali hizi tatu kwenye kifungu kinachosema "atakayepoteza leseni ataachishwa kazi", naurudisha. Pendekezo langu ni muda maalumu wa kurekebisha, kazi nyingine asiyohitaji leseni hiyo kama ipo, na posho ya paramediki kusimama bila kugusa mshahara wa msingi. Hata bila mkataba, tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Loudermill ya 1985, mtumishi wa umma asiyeweza kufukuzwa bila sababu lazima aelezwe tuhuma na kusikilizwa kabla ya kuondolewa.

Kupanda cheo nitakugusa kidogo tu. Katika kesi ya wazimamoto wa mji wa New Haven iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2009, uzito wa mtihani wa kupanda cheo, asilimia 60 maandishi na 40 mahojiano, ulitoka kwenye mkataba wa chama. Mjadala wote ulihusu ubaguzi wa rangi, lakini mizani hiyo iliwekwa mezani kwa majadiliano kabla ya mtihani wa 2003. Wanaojadiliana mara nyingi hubishania asilimia ya nyongeza hadi usiku na kupitisha kifungu kama hicho kwa dakika chache.

Mwisho, sharti jipya linapoingia, waliopo wawe na kifungu chao. Mkataba useme kama wanaruhusiwa kubaki katika cheo walichonacho bila cheti kipya, kama ruhusa hiyo inaendelea wakiomba kupanda, na kama inakufa mtu akihama kituo kwa hiari yake. Swali la pili ndilo husahaulika, nalo hujitokeza siku ya kwanza nafasi ya ukapteni inapotangazwa.