Amekiri kwa nani?

Jumamosi nimetoka kwa kikundi chetu cha kusoma kichwa kinanigonga, tulikuwa tunajadili riwaya ya mauaji. Tulikuwa watu 9 mezani, 7 wanalia na kitu kimoja: ati mwandishi ametuchosha, mshukiwa alishakiri kwa mpelelezi kule juu ya paa mvua ikinyesha, si kesi imeisha, mbona tena kurasa 40 za korti? Mwingine akaongezea mapenzi na dadake mshukiwa yamempofusha huyo mpelelezi.

Jameni. Mimi ni wakili, kesi za jinai ndio ugali wangu pale korti za Milimani, Nairobi, na hii stori nimeisikia hadi kwa harusi. Kukiri kwa IO, yaani afisa anayechunguza kesi, ni hewa. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka ukiri mbele ya jaji, hakimu, ama polisi wa cheo cha kuanzia inspekta, na huyo polisi ASIWE ndiye anachunguza kesi, halafu uwe na mtu wako hapo uliyemchagua mwenyewe. Kwa hivyo mpelelezi wetu amelowa chapachapa, anamwagiwa siri yote ya mauaji, na kisheria ni kama alikuwa anasikiza redio. Na msiniambie alirekodi kwa simu, simu inaonyesha amekiri, haibadilishi amekiri kwa nani.

Na ile haki ya kunyamaza mliyotaja mezani mmeitoa kwa filamu za Marekani, huko polisi kumwambia mshukiwa haki hiyo kulitokana na kesi ya Miranda ya 1966, huku Kenya iko kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 49, twende mbele.

Sasa mahali mliruka ndo utamu wenyewe. Mpelelezi anashuka ngazi anampigia inspekta wa steshoni ingine aje. Mlisema ni woga! Anajua akiandikisha hayo maneno yeye mwenyewe, wakili kama mimi atasimama apinge, tuingie kesi ndani ya kesi, yaani korti iamue kwanza kama ungamo linakubalika, na nimuulize polepole: afisa, ni kweli wewe na dadake mshtakiwa mnaishi nyumba moja? Mapenzi peke yake hayafuti ushahidi, hiyo nayo mtoe kichwani, yanampa wakili maswali tu. Na bastola waliyoopoa Mto Nairobi inajisemea yenyewe, ndo maana korti imekula kurasa 40.

Lakini kuna kitu sikusema mezani. Yule inspekta akifika, mshukiwa anaulizwa unataka nani akae na wewe ukikiri, anamtaja dadake, yule yule mpenzi wa mpelelezi. Sheria inasema mtu wa chaguo lake, na amechagua. Nikiwa upande wa utetezi ningelipiga hilo ungamo mawe. Nikiwa hakimu? Asubuhi nasema linapita, jioni nasema halipiti, na nimefanya hii kazi miaka.

Tukitoka dada mmoja akanicheka, ati wakili, wakibusiana pale mwisho ulikuwa unawaza nini. Nikamwambia ukweli: nilikuwa natafuta nani amebaki na bastola.