Mafaili ya nukta na maana ya nakala rudufu iliyokamilika

Nilipobadilisha diski ya laptopu yangu, inayotumia mfumo wa Linux, nilifanya wanavyofanya wengi. Nilifungua folda yangu ya nyumbani, nikabonyeza Ctrl+A, nikaburuta kila kitu hadi diski ya nje, kisha nikafuta diski ya zamani bila wasiwasi wowote. Picha zilifika salama, na nyaraka pia. Siku ya pili nikafungua LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, niandike, ukurasa ukajaa mistari myekundu. "Hatujawarudishia", mstari mwekundu. "Wakishikishwa", mstari mwekundu. Kikagua tahajia hakiwezi kujua kila namna tunavyokinyambua kitenzi cha Kiswahili, kwa hiyo kwa miaka kadhaa nilikuwa nakifundisha neno mojamoja: bofya kulia, ongeza, endelea. Maneno hayo yote yalikaa kwenye faili moja dogo, standard.dic, ndani kabisa ya folda inayoitwa .config. Sikuliona, kwa hiyo sikulibeba.

Watu wakitaja nakala rudufu, au bekapu kama mafundi wanavyoiita, mara nyingi huwa na maana ya nakala ya kazi zao: picha, nyaraka, nyimbo. Kwa mtumiaji wa Linux aliyekaa na kuirekebisha mashine yake ikamkaa mkononi, neno hilo lina uzito zaidi. Nakala iliyokamilika ni ile inayoweza kuirudisha kompyuta uliyoizoea, yenye mikato yako ya kibodi, alamisho za kivinjari, akaunti za barua pepe, rangi za terminali (dirisha la kuandikia amri) na kamusi yako. Programu zenyewe si za kuhangaikia sana, zitapakuliwa tena bure. Kisichopatikana popote duniani ni mipangilio yako, na hiyo ndiyo iliyofichwa.

Imefichwa na nukta. Kwenye Linux, faili au folda yoyote ambayo jina lake linaanza na nukta haionyeshwi. Haina siri wala nywila, haionyeshwi tu. Rob Pike, mmoja wa watu wa maabara ya Bell Labs waliofanya kazi na Unix, mfumo ulioitangulia Linux, amewahi kueleza kwamba jambo hili lilitokana na njia ya mkato. Kila folda huwa na majina mawili ya kudumu: nukta moja, yaani folda yenyewe, na nukta mbili, yaani folda iliyo juu yake. Ilitakiwa amri ya ls, inayoorodhesha mafaili, isiyaonyeshe hayo mawili. Badala ya kulinganisha jina zima, programu ikawa inaangalia herufi ya kwanza tu: ikiwa ni nukta, ruka. Tangu hapo kila jina lenye nukta mbele likawa halionekani, na waandishi wa programu wakapata mahali pa kurundika mipangilio bila kumchafulia mtu folda yake. Uvivu wa dakika chache, na sisi bado tunaulipia.

Ukitaka kuyaona, bonyeza Ctrl+H kwenye kidhibiti mafaili, au andika ls -a kwenye terminali. Utashangaa. Kuna .config, ambamo programu nyingi za leo huweka mipangilio. Kuna .local/share, penye data zake. Thunderbird, programu ya barua pepe, ana .thunderbird, na ukitumia programu zilizosakinishwa kwa vifurushi vya Flatpak, zake zimo .var/app. Funguo za SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, zimo .ssh. Kuna .cache pia, ambayo mara nyingi ni nzito na unaweza kuiacha, maana programu zitaijaza upya zenyewe. Mtego wa Ctrl+A upo hata kwa wapenzi wa terminali: amri ya kunakili, cp -r ~/*, inaacha mafaili ya nukta ya folda ya nyumbani, kwa sababu ile nyota, kwa kawaida ya Bash (programu inayosoma amri za terminali), haiyagusi.

Kuyaona ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyabeba bila kuyavua nguo zake. Kila faili kwenye Linux lina mmiliki, kundi na ruhusa za nani asome, nani aandike, nani aliendeshe. Flashi nyingi zinauzwa zikiwa na muundo wa FAT32 au exFAT, ambao haujui habari hizo. Nakili .ssh yako hadi huko, irudishe, kisha ujaribu kuingia kwenye seva: SSH itakataa ufunguo wako kwa kuwa ruhusa zake ziko wazi mno. FAT32 ina lake jingine, haipokei faili linalofika GB 4. Dawa ni kuipa diski ya nje muundo wa ext4, unaozijua ruhusa hizo, au kufunga kila kitu ndani ya kifurushi kimoja cha tar, ambacho hukumbuka ruhusa hata kikilazwa kwenye diski isiyozijua. Tar ni mzee wa kazi, yupo tangu Unix ya 1979, enzi za kanda za sumaku.

Mimi natumia rsync, programu ya kunakili mafaili. Amri yenyewe ni fupi:

rsync -aAXH --exclude=.cache /home/asha/ /media/asha/diski/nyumbani/

Herufi a inabeba folda zote za ndani pamoja na ruhusa, tarehe, wamiliki na viungo. A, X na H zinaongeza ruhusa za ziada, sifa za ziada na mafaili yenye majina zaidi ya moja. Angalia mkwaju (/) ulio mwisho wa /home/asha/. Ukiwepo, unanakili vilivyomo ndani ya folda, ukiuacha, unanakili folda yenyewe, na utakuta asha ndani ya nyumbani. Ukiirudia amri hiyo wiki ijayo itapeleka yaliyobadilika tu, na ndiyo maana haichoshi. Funga kwanza Firefox na Thunderbird, kwani hifadhidata zake zikinakiliwa huku zinaandikwa zinaweza kufika zimevunjika.

Nje ya folda ya nyumbani kuna /etc, mipangilio ya mashine nzima: printa, mtandao, huduma ulizowasha. Inakilieni, wala si kubwa, lakini wakati wa kurudisha msiimwage yote juu ya mfumo mpya. Faili la /etc/fstab huzitaja sehemu za diski kwa namba ndefu ya utambulisho, UUID, na diski mpya ina namba zake. Ukiliweka fstab la zamani, mashine itawaka, itasubiri sekunde 90 diski isiyokuwepo, kisha itakutupa kwenye hali ya dharura, maandishi meupe juu ya weusi. Chukua faili moja moja unalolijua.

Programu nazo, kama nilivyosema, hazinakiliwi. Andika orodha yake. Kwenye matoleo ya Linux kama Debian, Ubuntu na Mint, amri ya apt-mark showmanual itakupa majina ya ulizoagiza mwenyewe, ingawa pamoja nazo zitajitokeza baadhi zilizokuja na mfumo. Ielekeze kwenye faili la maandishi, uliweke pamoja na nakala yako. Watumiaji wa GNOME na Cinnamon, mazingira ya madirisha na menyu, wana nyongeza moja: mipangilio mingi ya mazingira yao inakaa kwenye hifadhidata ya dconf, ambayo si maandishi ya kusomeka. Amri ya dconf dump / > mipangilio.ini inaigeuza kuwa maandishi, na baadaye dconf load / < mipangilio.ini inairudisha.

Hapo ndipo wengi huuliza: si nina Timeshift? Timeshift ni nzuri, na mtu wa Mint anaikuta tayari imo. Lakini kazi yake ni kuurudisha mfumo nyuma, tuseme sasisho limeharibu picha ya skrini. Isipoambiwa vingine, haigusi kabisa folda yako ya nyumbani. Nimewaona watu wakiitegemea miaka miwili bila kulijua hilo. Clonezilla yenyewe hufanya kinyume, hupiga chapa ya diski nzima, ya lazima na takataka pamoja. Kwa mashine itakayorudishwa jinsi ilivyo, sioni njia rahisi kuliko hiyo. Ila kwa kawaida hutaka diski unayorudishia isiwe ndogo kuliko ya awali, na kuchomoa faili moja tu kutoka kwenye chapa hiyo ni kazi ya kukesha.

Nakala isiyojaribiwa siiamini tena. Jaribio langu halihitaji kompyuta ya pili: nafungua akaunti mpya ya mtumiaji, naiita jaribio, nairudishia .config kutoka diski ya nje, kisha naibadilishia umiliki kwa sudo chown -R jaribio: /home/jaribio. Hiyo chown ni ya lazima. Linux inawatambua wamiliki kwa namba, na mafaili yangu yana 1000, namba ya mtumiaji wa kwanza wa mashine, wakati jaribio kapewa 1001. Naingia kwa akaunti hiyo, nafungua LibreOffice, naandika "hatujawarudishia", halafu nasubiri kuona kama mstari mwekundu utatokea.