Aliyeagiza na Aliyetia Saini: Kesi ya Kocha Tarkanian

Kila tunapofanya mafunzo ya sheria kwa makocha na viongozi wa vilabu, hakosekani mtu wa kunyoosha mkono dakika za mwisho, wengine wakiwa wameshaanza kufunga mabegi. Swali lake huwa lilelile: "Chama kimenifungia, na hakikuniita hata siku moja kunisikiliza. Naweza kwenda mahakamani kusema wamevunja haki yangu ya kikatiba?" Anataka ndiyo au hapana. Mimi humwomba akae, nikamsimulia habari ya kocha wa Las Vegas aliyekuwa akitafuna taulo.

Jerry Tarkanian alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1930, katika familia ya Waarmenia. Alianza kufundisha mpira wa kikapu katika shule za sekondari za California. Kwenye ukumbi wenye joto alichoka kukimbilia bombani kila koo lilipokauka, akalowesha taulo awe analinyonya palepale kwenye benchi. Tabia ikamganda maisha yote. Ukitazama picha zake, karibu zote zina kipara, macho mazito kama ya mtu asiyelala, na ncha ya taulo jeupe mdomoni.

Mwaka 1973 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, ambacho watu hukiita UNLV. Hiki ni chuo cha umma, mali ya jimbo la Nevada. Shika hapo, maana kesi nzima inageukia kwenye neno hilo. Ndani ya miaka minne timu yake ilikuwa imeshinda michezo 29 na kupoteza 3 katika msimu mmoja, ikaingia nne bora za taifa.

Upande wa pili kulikuwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Wapenzi wa kikapu Tanzania wanakijua kwa sababu ya Hasheem Thabeet, aliyepitia mashindano yake akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa 2 katika drafti ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani inapogawana wachezaji wapya, mwaka 2009. NCAA si idara ya serikali. Ni chama cha hiari, na wakati wa kesi hii kilikuwa na wanachama wapatao 960, vyuo vya umma na vya binafsi vikiwa pamoja. Mwanachama anaahidi kufuata kanuni na kukubali adhabu. Asiyetaka, mlango uko wazi atoke.

Barua ya kwanza ya NCAA kuhusu uchunguzi ilifika UNLV Novemba 1972, Tarkanian akiwa bado hajaajiriwa. Mwaka 1976 tuhuma zikawa rasmi, safari hii na yeye akiwemo. Chuo hakikukaa kimya. Kilifanya uchunguzi wake, ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo ikisaidia, kikajibu kwamba kocha hana kosa. Kamati ya Makosa ya NCAA haikukubali. Ilitoka na makosa 38, na 10 kati ya hayo yakamwangukia Tarkanian. Chuo kikakata rufaa kwenye Baraza la chama, nalo likaibariki kazi ya kamati.

Sasa tazama adhabu yenyewe ilivyoandikwa. Timu iwe chini ya uangalizi kwa miaka 2, isicheze michezo ya mtoano baada ya msimu, isionekane kwenye televisheni. Halafu kikaja kipengele chenye mwiba: UNLV ijieleze kwa nini isiongezewe adhabu endapo haitamwondoa Tarkanian kabisa katika michezo ya chuo kwa muda wote huo. Wenzetu wa maofisini wanaijua vizuri barua ya kujieleza. Ila hii haikuandikwa kwa mtuhumiwa. Iliandikwa kwa mwajiri wake. NCAA haikumwambia Tarkanian "umefungiwa." Ilimwambia bosi wake, kwa lugha ya adabu, kwamba akimbakiza atakiona.

Chuo kilimpa makamu wake wa rais kazi ya kusikiliza suala hilo. Makamu aliusoma ushahidi, akautilia shaka, na akasema waziwazi kwamba viwango vya NCAA vya kuthibitisha tuhuma na kumtendea mtu haki viko chini ya vile ambavyo chuo kingetarajia. Kisha akaweka mezani njia tatu. Kukataa kumwadhibu kocha na kusubiri nyundo nyingine. Kumwondoa ingawa chuo kinaamini NCAA imekosea. Au kujitoa NCAA moja kwa moja. Rais wa chuo akachagua ya pili. Napenda kukaa kidogo kwenye ukurasa huu ninapofundisha, kwa sababu ni nadra kumwona mwajiri akiandika kwenye faili kwamba hauamini ushahidi, kisha akatia saini.

Tarkanian alikuwa pia profesa mwenye ajira ya kudumu, kwa hiyo asingefukuzwa chuoni, angeshushwa tu. Mshahara wake wa ukocha ulikuwa dola 125,000 kwa mwaka, ukiacha mapato ya kambi za mafunzo, matangazo na vipindi vya redio na televisheni. Kwa uprofesa peke yake angebaki na dola 53,000 hivi. Siku moja kabla adhabu haijaanza kufanya kazi, Septemba 1977, alifungua shauri katika mahakama ya Nevada.

Alisimama juu ya Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yanayokataza jimbo lolote kumnyang'anya mtu uhai, uhuru au mali yake bila kufuata utaratibu wa haki. Njia ya kumfikisha mkosaji mahakamani ilikuwa sheria ya 1871, iliyotungwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ili waliotoka utumwani waweze kuwashitaki waliovunja haki zao kwa kivuli cha mamlaka ya jimbo. Vyote viwili vina sharti moja gumu: aliyekuumiza lazima awe dola, yaani serikali, au mtu anayetenda kwa mamlaka ya dola. Jirani yako, kampuni binafsi au klabu hawaguswi na Marekebisho ya 14, hata wakikuonea mchana kweupe. Unaweza kuwashitaki kwa mkataba au kwa sheria nyingine, lakini si kwa kifungu hicho.

Mwanzoni Tarkanian alikishitaki chuo peke yake, akapata zuio, yaani amri ya mahakama ya kukikataza chuo kumsimamisha. Hapo NCAA yenyewe ikajitokeza mbele ya Mahakama ya Juu ya Nevada kama rafiki wa mahakama, ikadai kwamba kocha na chuo hawana ugomvi wa kweli, hivyo shauri litupwe. Mahakama ikajibu mwaka 1979 kwamba kama ni hivyo, basi NCAA ni mhusika wa lazima na iunganishwe katika kesi. Aliyekuja kutoa ushauri akajikuta kizimbani. Nimewahi kuwaona mawakili wakicheka kwa sauti kwenye kipande hiki.

Kesi ikaanza upya, safari hii NCAA ikiwa mdaiwa. Mwaka 1984 mahakama ya chini ikampa kocha ushindi: zuio dhidi ya chuo na dhidi ya NCAA, pamoja na gharama za mawakili zinazokaribia dola 196,000, asilimia 90 zilipwe na NCAA. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Nevada ikakubaliana nayo. NCAA ikapanda hadi Washington.

Desemba 12, 1988, Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani ilitoa hukumu, majaji 5 dhidi ya 4. Tafadhali angalia kile ambacho hawakuulizwa. Hawakuulizwa kama Tarkanian alivunja kanuni. Hawakuulizwa hata kama alisikilizwa vya kutosha. Waliulizwa kama NCAA, ilipofanya yote hayo, ilikuwa imevaa koti la serikali ya Nevada.

Jaji John Paul Stevens, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alisema hapana. Kesi hii, alieleza, ni kama ile ya kawaida ikitazamwa kwenye kioo. Katika kesi za kawaida mtu binafsi ndiye anayetenda tendo la mwisho, na swali huwa kama serikali ilimshika mkono. Hapa tendo la mwisho, kumsimamisha kocha, lilifanywa na chuo cha serikali, na mtu binafsi ndiye aliyesukuma. NCAA haikuwa na uwezo wa kumfukuza wala kumpunguzia mshahara mfanyakazi wa UNLV. Kanuni zake zilitungwa na mamia ya vyuo kutoka majimbo mengi, si na Nevada. Na katika uchunguzi wote chuo kilikuwa mpinzani wake, kikimtetea kocha. Mtu hawezi kuwa wakala wako huku mnapambana. Kuhusu hoja kwamba chuo hakikuwa na namna, Stevens alisema njia za kutokea zilikuwepo, hata kama zilikuwa chungu. Chuo kinachotaka kubaki mwamba wa kikapu hakiwezi kufurahia kuondoka NCAA, lakini kutofurahia si sawa na kukosa uchaguzi.

Jaji Byron White, ambaye ujanani alikuwa mchezaji maarufu wa futiboli ya Marekani, aliandika hukumu ya walio wachache. Kwake mambo yalikuwa mepesi zaidi. UNLV ilikubali kanuni za NCAA, ikakubali NCAA ndiyo isikilize tuhuma, ikakubali kwamba matokeo ya usikilizwaji huo yataifunga, kisha ikayatekeleza. Wawili wakipatana kufanya jambo, na mmoja wao ni serikali, basi wote wawili wanabeba mzigo.

Mimi niko na White, sifichi. Hoja ya mlango wa kutokea inanikera, kwa sababu aliyekuwa na mlango ni chuo. Tarkanian hakuwa mwanachama wa NCAA. Hakuwa na pa kutokea isipokuwa kuacha kazi. Lakini nakiri hofu ya Stevens ina uzito: ukisema kila chama chenye nguvu kinachoweza kuibana ofisi ya umma kimegeuka serikali, utaishia wapi? Kampuni inayoitishia halmashauri kwamba itavunja mkataba nayo itakuwa dola?

Sasa kituko. Tarkanian alishindwa Washington, lakini kiti chake hakikutikisika. Aliyekata rufaa ni NCAA peke yake, kwa hiyo zuio dhidi ya chuo lilibaki. Kwa miaka yote 11 ya kesi alikuwa pembeni mwa uwanja na taulo lake. Aprili 1990, mjini Denver, vijana wake waliifunga Duke 103 kwa 73 wakabeba ubingwa wa taifa, na tofauti hiyo ya pointi 30 haijawahi kufikiwa katika fainali nyingine ya mashindano hayo. Miezi michache baadaye NCAA ikaifungia timu isitetee ubingwa wake kwa sababu ya shauri lilelile la 1977. Baada ya mazungumzo, adhabu ikasogezwa: wakacheza 1991, wakafungiwa 1992. Wachezaji walioadhibiwa walikuwa watoto wadogo wakati barua ya kwanza inaandikwa.

Nevada haikuridhika. Mwaka 1991 bunge lake lilitunga sheria ya kuilazimisha NCAA kufuata utaratibu wa haki katika mashauri yake jimboni humo. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaifuta mwaka 1993, kwa kuwa jimbo moja haliwezi kupanga namna chama cha nchi nzima kinavyoendesha shughuli zake. Tarkanian, ambaye kufikia hapo alikuwa ameondoka UNLV, aliishitaki NCAA upya mwaka 1992, na mwaka 1998 wakamalizana nje ya mahakama. NCAA ililipa dola milioni 2.5. Aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa kikapu mwaka 2013 na kufariki Februari 2015. Nje ya ukumbi wa UNLV kuna sanamu yake ameketi, taulo mdomoni.

Hukumu ya 1988 ilipata mdogo wake mwaka 2001, katika kesi ya shule ya Brentwood dhidi ya chama cha michezo ya sekondari cha Tennessee. Chama hicho nacho kilikuwa cha hiari, lakini wanachama wake wote walikuwa wa jimbo moja na asilimia 84 zilikuwa shule za umma. Kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama ikasema hicho ni dola. Stevens alikuwa upande wa walioshinda mara zote mbili, na hakuna mgongano: kilichotofautiana ni nani amekaa ndani ya chama.

Narudi kwa yule aliyenyoosha mkono. Yeye haishi Nevada. Katiba ya Kenya, ibara ya 20, inasema haki za msingi zinavifunga vyombo vyote vya dola na watu wote, na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 inavitaja waziwazi hata vyombo visivyo vya serikali. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu haki zake zinapoamuliwa na mahakama "au chombo kinginecho kinachohusika." Kwa maandishi hayo, ukuta uliomzuia Tarkanian kwetu ni mfupi zaidi. Haimaanishi haupo: mahakama zetu zitakuuliza kwanza kama umemaliza ngazi za rufaa ndani ya chama chenyewe.

Ndiyo maana kabla ya kujibu namwomba barua yake. Naangalia nani ametia saini, chama au mwajiri wake. Kisha naangalia mstari unaotaja siku za kukata rufaa, na tarehe iliyo juu ya barua. Mara nyingi siku zenyewe zimeshapita.