Weusi Peke Yake Hausitiri

Dhana: Vazi likiwa jeusi, ni la stara.

Hii ndiyo inayonichosha mimi fundi cherehani. Mteja ananiletea kitambaa cheusi chepesi, cha kuteleza, kisha anataka nikibane kiunoni "kidogo tu". Nikimwambia kitachora umbo lote, ananishangaa: kwani si cheusi?

Aya za Kurani zinazotajwa sana katika suala hili ni An-Nur 31 na Al-Ahzab 59. Zinasema shungi zishuke vifuani na wanawake wajiteremshie nguo zao. Rangi haikutajwa. Watazameni Mabohora, Waislamu wenye asili ya Kihindi: rida zao, yaani vazi la stara la wanawake wao, ni za waridi, kijani, maua na lesi, na hakuna asiyewaona wamejisitiri. Hata hapa pwani buibui jeusi lilienea mwanzoni mwa karne ya 20 tu. Kabla ya hapo, mabibi wakubwa wa Lamu walitembea ndani ya shiraa, hema la nguo lililobebwa na watumwa. Na bibi zetu wangapi wameswali maisha yao yote kwa leso mbili za rangi?

Kinachositiri ni uzito wa kitambaa, upana wake na mshono. Kabla ya kulipa, shika kitambaa juu kwenye mwanga, tia mkono nyuma yake. Ukihesabu vidole, ama utie bitana ama ukirudishe dukani. Krepu nzito kidogo hushuka yenyewe bila kunata. Ile laini ya kung'aa, upepo wa bahari pale Mama Ngina, Mombasa, ukiipiga tu, inakugeuka. Tena ongeza nusu mita. Wateja wangu hubania hiyo nusu mita, halafu wanarudi kunilaumu mimi kwa makwapa kubana.

Dhana: Leso ni ya Waislamu.

Nenda bara ukaangalie. Leso iko jikoni, shambani, matangani na mgongoni mwa mama mwenye mtoto, awe wa kanisa au wa msikiti.

Dhana: Wanawake wa Kikristo hawajifuniki.

Masista je? Na Akorino, dhehebu la Kikristo la Kenya, ambao hata wanaume wao wanapiga vilemba vyeupe? Wasomeeni Wakorintho wa Kwanza, mlango wa 11, kisha tuzungumze. Na tukiwa kwenye vilemba, Kalasinga si Mwislamu. Ni Sikh, na kile kilemba kinahifadhi nywele ambazo dini yake haimruhusu kuzikata.

Dhana: Kanzu ni ya kuswalia.

Baganda waliipata kwa wafanyabiashara wa pwani na Waarabu katika karne ya 19, na leo Mganda Mkatoliki haendi ukweni kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, bila kanzu yenye nakshi nyekundu kifuani na koti juu yake.

Kanzu nyeupe, lakini, huvaliwa na msuli ndani. Wanaume wanaokuja na wake zao kunisisitizia buibui liwe jeusi, wengine wao jua likiwapiga pale mlangoni tunaona hadi lebo ya chupi.