Kompyuta inaganda ikiwaka: usikimbilie kupiga Windows

Msimu wa korosho ukifunguliwa, meza yangu hapa Mtwara mjini hujaa kompyuta za vyama vya msingi. Lalamiko ni lile lile: "Fundi, inawaka, inaonyesha nembo, halafu inastaki." Na karani huwa ameshajiandikia dawa: ipigwe Windows upya. Hapo huwa nagoma. Majina ya wakulima na kilo zao yamo humo ndani, na Windows mpya haiponyi diski inayokufa.

Mimi nataka kujua kwanza imegandia wapi.

Ikigandia kwenye nembo ya kiwandani, vile vidoti vya kuzunguka havijatokea, mara nyingi Windows haijaanza hata kusomwa. BIOS, ile programu ndogo ya kwenye ubao inayoamka kabla ya Windows, inakagua vifaa na kimojawapo hakiitikii. Chomoa vyote vya USB: flashi, printa, modemu, hata kipanya. Usicheke, flashi moja mbovu inatosha kuizuia mashine nzima. Bado? Zima, toa umeme, chomoa diski, washa bila diski. Ukiingia BIOS bila shida, mshukiwa ni diski au waya wake. Isipoingia, geukia RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda.

Kwa RAM, sisi wa pwani tuna taabu yetu. Hewa ya chumvi na unyevunyevu huacha utando kwenye meno yake, hasa kwa mashine inayokaa karibu na dirisha huko Shangani au Mikindani. Sugua taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa spiriti safi, acha ikauke, rudisha mpaka isikike imeshika. Zikiwa mbili, jaribu moja moja, tundu kwa tundu. Zinazotoka Masasi na Newala huniletea vumbi zaidi kuliko kutu.

Kitu kingine kinachodharauliwa ni ile betri ya duara, CR2032 ya volti 3. Ikiisha, saa inarudi nyuma miaka, na mipangilio ya BIOS inarudi ya kiwandani. Diski iliyokuwa inasomwa kwa AHCI, yaani mojawapo ya namna kompyuta inavyoongea na diski, inaweza kugeuziwa mfumo mwingine, Windows ikashindwa kuwaka ingawa haina kosa lolote. Betri yenyewe ni bei ya soda chache.

Vidoti vikizunguka bila kwisha, hapo sasa Windows imeanza kupakia draiva, yaani programu ndogo za kuendesha vifaa. Kama ilikuwa inasasisha, iache kwanza, hasa kwenye diski ya zamani. Tazama taa ya diski na utege sikio. Taa inayowaka mfululizo pamoja na mlio wa tik-tik unaojirudia: zima mara moja, usiendelee kujaribu. Kama diski imetulia, ikatishe kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, urudie. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mfululizo hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Ingia Safe Mode, ambako Windows huwaka na vitu vya lazima tu. Ikiwaka humo, ondoa draiva au antivairasi iliyowekwa karibuni.

Diski nikiishuku, nawasha mashine kwa Linux ya kwenye flashi, mfumo mwingine badala ya Windows, na kusoma taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe. Naangalia sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa. Hizi za pili zikiongezeka, nanakili data kwanza, tena yale mafaili muhimu kabla ya picha za harusi. Amri ya Windows ya kukagua diski, chkdsk /r, ambayo vijana wengi huanza nayo, inaisoma diski yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Diski mahututi inaweza kukata roho hapo hapo.

Kama iliganda baada ya umeme kukatika ghafla na diski ni nzima, kwa kawaida ni mafaili ya mfumo yaliyoharibika, na hayo hutengenezeka bila kufuta kitu.

Ukiniletea mashine, piga picha skrini ilipokwama, na uje na chaja yake.